Bawa Lililofungwa Mapema

Waliokuwepo karakanani asubuhi ile ya Jumamosi ni hawa: Mwalimu, mwenye ndege; mumewe Kinyozi, aliyestaafu mikasi lakini hakustaafu maneno; binti yao Muuguzi, aliyetoka zamu ya usiku na hakuwa amevua hata viatu vyake vyeupe; mdogo wake Mwalimu, fundi wa bodi za magari, ambaye familia nzima ilimwita Nyundo; na Mkaguzi wa ndege, aliyefika mapema kuliko ahadi yake, akapewa kigoda karibu na mlango. Bawa la kushoto nalo lilikuwepo, limelazwa juu ya meza mbili zilizounganishwa, limefunikwa shuka la kitanda.

Shuka lile ndilo lililomtia Mwalimu wasiwasi. Alikuwa amerejea jana jioni kutoka kumuuguza mama yake, wiki tatu za kulala kitini na kuamka kila mgonjwa alipokohoa. Alipofika nyumbani hakuwa na nguvu hata za kufungua mlango wa karakana. Siku alipoondoka, bawa aliliacha wazi, mbavu zake zote zikionekana, likimngoja Mkaguzi. Halikuhitaji shuka.

Ndege hiyo ilikuwa imekuja ndani ya makasha, mwaka aliostaafu kufundisha ufundi wa vyuma: mabati yaliyokatwa tayari, mbavu za alumini, mifuko ya ribiti, vile vijipini vya kuunganishia mabati, na kitabu cha maelekezo ambacho Kinyozi alidai kingetosha kuzibia mlango wakati wa upepo. Ilikuwa ndege ndogo ya viti viwili. Mkia ulikamilika, kiwiliwili kikasimama, bawa la kulia likapita ukaguzi. Gari la familia lilihamishiwa nje na halikurudi tena ndani; jua lililichubua rangi hadi majirani wakaacha kuuliza lilikuwa la rangi gani. Miaka ilikwenda hivyo, ribiti kwa ribiti, na Mwalimu akawa mtu wa kuchoka kabla ya kuanza.

"Mwalimu," Mkaguzi alisema kutoka kwenye kigoda chake, "unakumbuka uliwahi kunipa sifuri?"

"Nilitoa sifuri nyingi."

"Yangu ilikuwa ya bawaba. Bawaba nzuri kuliko zote darasani. Niliipaka rangi kabla hujakiona kiungo chake."

"Basi ulistahili," Mwalimu akasema, na wote wakacheka, Mkaguzi akiwa wa kwanza.

Nyundo hakuweza kuvumilia zaidi. Alishika ncha moja ya shuka, akamwashiria Kinyozi ashike ya pili.

"Dada, fumba macho."

"Nikifumba nitalala hapa hapa."

"Lala tu, mke wangu," Kinyozi akadakia. "Tutakuamsha ukiwa angani."

Shuka likavutwa. Bawa lilikuwa limefungwa. Bati la juu lilikaa mahali pake bila kasoro, limefutwa likang'aa, na ribiti zake zilipangwa katika mistari iliyonyooka kama mishono ya shati jipya. Muuguzi alipiga makofi. Kinyozi akapiga mluzi.

"Nimemaliza likizo yangu yote humu," Nyundo alisema, sauti yake ikijaribu bila mafanikio kuficha furaha. "Ulisema mwenyewe kwenye simu, Dada. Ulisema laiti bawa hili lingekuwa limefungwa, ungelala usingizi wa kweli. Basi limefungwa. Kalale."

Mwalimu alisema ahsante, kwa sababu neno hilo lilikuwa karibu. Kisha akainama, akatazama ukingoni mwa bati kama palibaki mwanya. Mkaguzi aliinuka, akatazama zile ribiti, halafu akatazama sakafu.

"Kuna nini?" Nyundo akauliza. "Mbona mmenuna? Au mnadhani nimevunja kanuni? Kanuni naijua! Si umetuimbia miaka yote hii?"

Alielekeza kidole ukutani, ambapo Mwalimu alibandika karatasi ya manila aliyoiandika kwa kalamu nene siku makasha yalipofika. Nyundo alisoma kwa sauti: "Sehemu kubwa ya kazi ifanywe na mjenzi mwenyewe, kwa ajili ya kujifunza na kujiburudisha. Wengine wanaweza kusaidia." Akageuka. "Mkia ni wako. Kiwiliwili ni chako. Bawa la kulia ni lako, na hili mbavu zake zote umezipanga wewe. Mimi nimefunga bati moja. Sijafika hata robo, Dada. Nilipiga hesabu kabla sijashika drili."

Hilo lilikuwa kweli, na Mwalimu alijua limetoka wapi. Kanuni hiyo ndiyo aliyoilinda kuliko zote. Alikuwa akimfukuza kila aliyegusa kifaa, hadi jirani mmoja aliyekuja kusaidia kubeba mkia akauliza kama kubeba nako kunahesabiwa.

"Endelea kusoma," akasema taratibu.

"Imeishia hapo."

Mwalimu alikwenda ukutani, akaondoa koti kuukuu lililotundikwa kwenye msumari. Chini yake, kwa mwandiko ule ule wa ubaoni, palikuwa na mstari wa pili: Sehemu yoyote isifungwe kabla mkaguzi hajaona ndani yake.

Nyundo alisogea karibu, akausoma mstari huo kwa midomo tu.

"Koti la nani hilo?" Nyundo akauliza, ingawa kila mtu alilijua.

"Msumari ulikuwa mtupu," Kinyozi akajibu, kwa sauti ndogo kuliko kawaida yake.

Mwalimu alilirudisha koti, kisha akaliondoa tena na kulikunja. Hakuwa na hasira. Hasira ilihitaji nguvu ambazo aliziacha kando ya kitanda cha mama yake. Zaidi ya hayo, kanuni ya pili hakuwahi kuitamka mbele yao hata mara moja. Bawa la kulia alilionyesha kwa Mkaguzi siku ambayo nyumba ilikuwa tupu. Haikumjia akilini kwamba upo upendo wa kiasi cha kumfanya mtu apige ribiti zote hizi peke yake, likizo nzima, bila kualikwa.

"Uliona utepe mwekundu?" akamuuliza mdogo wake. "Kwenye ubavu wa nne kutoka shinani mwa bawa?"

Nyundo alifungua sanduku lake la vifaa. Utepe ulikuwa ndani ya kifuniko, umekunjwa vizuri. "Niliubandua. Nilidhani ni alama ya mahali ulipoishia. Nikasafisha na gundi yake."

"Ilikuwa alama ya tundu. Nilitoboa karibu na ukingo. Nilitaka kulipima mchana, kwa macho yaliyopumzika, niamue kama ubavu unafaa au ubadilishwe. Ndipo nikapigiwa simu kwamba mama ameanguka."

"Limeukaribia mno?" Mkaguzi akauliza.

"Sijui. Huenda liko sawa."

"Tuangalie kabla hatujalia," Muuguzi akasema, akaenda kuchukua tochi.

Kwenye bati la chini palikuwa na tundu la kuchungulia, la upana wa kiganja. Kinyozi alikimbilia ndani ya nyumba, akarudi na kioo chake cha mkono, kile alichowaonyeshea wateja visogo vyao kwa miaka arobaini. Mkaguzi alipiga magoti, akalala chali chini ya meza. Muuguzi akaingiza tochi, Kinyozi akashika kioo.

"Kushoto kidogo, mzee."

"Wateja wote husema hivyo."

"Kidogo tena. Hapo. Naona ubavu wa pili. Wa tatu... wa tatu unaziba."

Walizungusha kioo kila upande. Mwanga uligota kwenye ubavu wa tatu na kurudi machoni mwao. Mkaguzi alitoka chini ya meza, vumbi la alumini begani, akajipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Mwalimu," akasema, "wewe ndiye uliyenifundisha kushika patasi. Sijawahi kuona kazi yako ikiwa na dosari. Na ribiti za huyu bwana, kwa ninavyoziona kwa nje, ni safi. Ukiniambia ndani ni salama, nitasaini."

Kinyozi alimgeukia mkewe haraka. "Umesikia? Mwenye sheria kasema mwenyewe. Kuna la zaidi?"

"Mama, cheti chako," Muuguzi akaongeza polepole.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Daktari alikuwa amesema macho ya Mwalimu yanafifia, na kwamba cheti chake cha afya cha urubani hakitahuishwa kikimalizika mwishoni mwa mwaka. Bawa likisainiwa leo, ndege ingepelekwa uwanjani kabla ya mvua, naye angeirusha kwa mikono yake. Likifunguliwa, ingebidi kila ribiti itobolewe na kung'olewa, mashimo yakaguliwe, bati lirudishwe. Kazi hiyo ingekula mvua yote na kuvuka mwaka.

Mwalimu alivuta kiti, akakaa. Kwa kweli alitamani kusema ni salama. Neno lenyewe lilikuwa fupi, na kila aliyekuwa mle ndani alikuwa tayari kulipokea. Angelisema, wangekunywa chai, Nyundo angekwenda kwake akiwa ameinua kichwa, na yeye angejilaza kitandani mwake. Aliunyoosha mkono, akauweka juu ya bati, pale ambapo chini yake palikuwa na ubavu wa nne. Lilikuwa baridi na laini. Halikumwambia chochote.

"Dada," Nyundo akasema. Furaha ilikuwa imemtoka usoni. "Nimekuharibia."

"Njoo hapa."

Akaja.

"Hii mistari umeinyoosha kwa kitu gani?"

"Kwa uzi. Niliuvuta kutoka ncha hadi ncha. Nilijua utaangalia mistari kwanza."

"Na umeninyooshea kuliko nilivyonyoosha ya kulia. Nimeona tangu shuka linatoka."

Nyundo alifuta pua kwa mgongo wa mkono, akageuza uso upande wa gari kule nje.

Mkaguzi alikuwa ameshatoa kalamu. Mwalimu aliitazama kalamu ile, kisha akamtazama aliyeishika.

"Kiungo cha bawaba yako," akamuuliza, "kilikuwaje chini ya rangi?"

Mkaguzi alishusha kalamu. Halafu akatabasamu kama mtu aliyekamatwa baada ya miaka mingi. "Kilikuwa kizima, Mwalimu. Naapa."

"Nakuamini. Lakini siku ile mimi sikuwa na njia ya kujua, na wewe huna leo."

Alisimama kwa kuegemea meza, akawageukia wote wanne kama alivyozoea kuligeukia darasa kabla ya kengele.

"Jamani, nisikilizeni, maana sitarudia. Bawa linafunguliwa. Mkaguzi ataandika alichokikuta, kwamba limefungwa na ndani hakuona, kisha atarudi nitakapomwita. Drili nitashika mimi, na mdogo wangu atakuwa upande wa pili, kwa sababu ribiti hizi anazifahamu yeye. Tukimaliza, atalifunga tena kwa uzi wake ule ule. Kinyozi atatafuta msumari mwingine wa koti."

"Na kurusha?" Muuguzi akauliza. "Cheti kikiisha?"

"Kikiisha, atarusha mwenye cheti. Ndege ina viti viwili, na kiti cha pili nacho kina dirisha." Alilichukua shuka sakafuni, akalikung'uta, akalitundika begani. "Lakini hatuanzi leo. Leo mtu asinigongee mlango. Ninakwenda kulala."