Wasiosikia Wanyooshe Mikono

Bwana Mipango wa ofisi ya elimu aliingia darasani na shati lililopigwa pasi hadi likasimama lenyewe, akanguruma: "Wasiosikia wanyooshe mikono!"

Hakunyoosha hata mmoja. Chiriku, msichana asiyesikia hata radi, alimtazama akatabasamu, maana alilelewa kwa adabu. Bwana Mipango akaridhika: shule hii haina viziwi, basi mwalimu wa lugha ya ishara apelekwe kwingine. Mwalimu mkuu naye akasema bila mwalimu huyo hamwezi Chiriku; Jumatatu abaki nyumbani.

Shangazi yake, fundi cherehani aliyemlea tangu uchanga, aliacha suruali ya mteja ikiwa na mguu mmoja, akamkokota mtoto mpaka ofisi ya elimu.

"Mama, mipango hufuata takwimu," alisema Bwana Mipango.

"Takwimu gani, baba? Umemuuliza kiziwi kwa mdomo!"

"Darasa zima niliwauliza sawasawa. Sikubagua."

Shangazi akajisemea moyoni: Mwenye macho haambiwi tazama. Huyu hata akiambiwa, anatafuta miwani.

Bwana Mipango akamwinamia Chiriku. "Unanisikia, binti?" aliuliza, huku kichwa chake kikienda juu na chini kama cha mjusi. Chiriku naye akakitikisa chake vilevile.

"Si unaona, mama! Anasikia!"

"Ee Mola, nikopeshe subira, yangu imekwisha," alisema Shangazi. "Haya, maadamu mnaelewana, kaa naye. Mimi nina suruali ya watu."

Akaondoka kweli.

Aliporudi mchana, Bwana Mipango alikuwa amelowa jasho, tai imehamia begani.

"Tangu asubuhi ananyoosha kidole ukutani! Nimempa maji, nimempa kiti, nimempa kalenda yote aitazame!"

"Anataka ufungue dirisha. Humu si ofisi, ni tanuri."

Akafungua. Upepo ukaingia, Chiriku akashusha pumzi, na yule bwana akajibwaga kitini kama gunia.

"Huyo mwalimu nitamrudisha kwenu. Na Jumatatu mtoto aingie darasani. Nitampigia mwalimu mkuu."

"Piga nikiwa nimesimama hapahapa."

Akapiga. Alipoweka simu chini, Chiriku alivimbisha mashavu, akatoa tumbo mbele, akatembea hatua chache za bata.

"Anasemaje?"

"Anakushukuru sana, baba," alijibu Shangazi, akamvuta mkono upesi kabla hajaongeza shukrani nyingine.