Mwanafunzi Bora wa Semina

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na kanisa lile lilikuwa limeumwa vizuri. Nabii mmoja wa kwenye simu, ambaye hakuna aliyewahi kumtia machoni, alikuwa amewauzia waumini mafuta ya upako. Yakaja kugundulika kuwa ni mafuta ya kupikia yaliyotiwa marashi. Mama mmoja alijipaka usoni akavimba kama puto. Mchungaji aliona aibu, akamfuata Mshauri.

Mshauri ndivyo walivyomwita wote, wakubwa kwa wadogo. Kazi yake ilikuwa hospitalini, katika chumba chembamba chenye viti viwili na boksi la tishu, ambako kutwa alisikiliza watu waliotendwa na watu.

"Dada, njoo utufundishe jinsi watu wanavyochezewa akili," Mchungaji alimwambia. "Kondoo wangu wananyolewa na kila mwenye mkasi."

Basi Jumamosi asubuhi wakawa wanakutana katika ukumbi wa nyuma ya kanisa, kwenye viti vya plastiki vilivyopasuka migongo. Mshauri hakupenda kuhubiri. Aliwafanya waigize: huyu awe tapeli, yule awe mnyonge. Aliwaonyesha jinsi mtu anavyovikwa kilemba cha ukoka mpaka alewe sifa. Jinsi anavyopewa kijizawadi ili ajione hawezi tena kukataa. Jinsi anavyoombwa jambo dogo leo ili kesho aombwe kubwa. "Halafu atakutenga na watu wako," alisema. "Atakutia hofu. Na mwisho atakuharakisha, maana anajua ukilala ukaamka, akili itakurudia."

Walicheka sana. Wifi yake, dada wa mumewe, mjane mwenye saluni, ndiye aliyecheka kuliko wote, maana na yeye alinunua chupa mbili za nabii.

Mwanafunzi bora alikuwa mzee wa kanisa mmoja waliyempachika jina la Asali, kwa ile sauti yake ya kubembeleza. Hakukosa hata siku moja, alikaa mbele, na maswali yake yalikuwa ya mtu anayefikiri. "Mshauri, mtu mkaidi huanza kulainishwa kwa hofu au kwa sifa?" Siku nyingine: "Na kama ana ndugu anayejua mambo, huyo ndugu anawekwaje kando?" Mshauri alifurahi. Laiti wote wangekuwa kama Mzee Asali, alijisemea.

Semina ikiwa katikati, balaa likaingia nyumbani kwao. Binti mkubwa wa wifi yake, msichana mtu mzima aliyekuwa akiuza kwenye duka la dawa, alikuwa mwimbaji wa kwaya. Jioni moja baada ya mazoezi, mwalimu wa kwaya alimwita kwenye chumba cha majoho, akafunga mlango, akamshika kwa nguvu. Binti alimng'ata mkono mpaka akamwachia, akatoka mbio bila viatu. Binti alipokuwa akilia, Mshauri mwenyewe ndiye aliyekaa naye. Wakakubaliana watatu, mama, binti na Mshauri, kwamba Jumatatu wanakwenda polisi.

Jumatatu wifi akasema saluni ina wateja. Jumatano akasema anaumwa kichwa. Ijumaa Mshauri akaenda saluni kusukwa, akijua kwamba mtu akikushika nywele hana pa kukukimbilia.

Saluni ilikuwa na feni mpya mezani, inazungusha shingo kama inayowasalimia wateja mmoja mmoja. Wifi alimkalisha, akamgawa nywele kwa kitana, akaanza kusuka kwa nguvu kupita kawaida.

"Wifi," alisema hatimaye, "tumeamua kusamehe."

"Tumeamua nani?"

"Mimi. Jumapili mwanangu atasimama mbele ya kanisa, ampe mkono yule mwalimu, aseme walielewana vibaya. Basi, yaishe."

Mshauri alitaka kugeuka, lakini kichwa kilikuwa mikononi mwa mwenzake. Akabaki anaongea na kioo. "Nani amekuja kwako?"

"Mzee Asali. Usimwone vile, ana moyo yule. Alikuja na hii feni, akasema ameona navyotokwa jasho humu kwa ajili ya wanangu. Akaniambia mama kama mimi kanisani kwetu ni mmoja tu, wengine ni kelele." Wifi alitabasamu kidogo kwenye kioo, tabasamu la mtu aliyeonja kitu kitamu. "Akaniomba nisiende Jumatatu, ningoje kidogo tu, apate kusali. Kidogo tu, wifi. Ningemkataliaje na feni yake inanipuliza?"

Mshauri alianza kunusa kitu. Kilianzia mbali, kama harufu ya panya aliyefia kwenye dari. "Halafu akakwambia usinieleze mimi."

Vidole vya wifi vilipunguza mwendo. "Alisema watu wa ushauri wana maneno mengi, wanaweza kunichanganya."

"Halafu akakutisha."

"Hakunitisha! Aliniuliza tu, jina la binti likishatembea midomoni mwa watu, nani atamwoa? Akaniuliza kwa upole. Alikaribia kulia."

"Na leo amekuambia nini?"

"Kwamba nimpe jibu leo hii hii, kwa sababu Mchungaji anasafiri kesho na..." Feni ikawageukia, ikawapita. "Tena akasema wewe utamuunga mkono. Akasema semina yako imemfungua macho kuliko mahubiri ya miaka yote."

Hapo Mshauri alifunga macho. Alihisi kama mtu aliyeazimisha mswaki wake, akarudishiwa bado umelowa. Kila alichokisikia kilikuwa chake: maneno yake, mpangilio wake, hata ile mifano aliyokuwa akiitafuta usiku mumewe akimwambia azime taa. Mzee yule alikuwa amekaa mbele yake, anatikisa kichwa, anameza. Na sasa alikuwa amekwenda kuvitapika vyote ndani ya sikio la mjane wa watu.

Kitana kilianguka. "Wifi yangu, nimepakwa tena," wifi alisema kwa sauti ndogo. "Tena safari hii nimejipaka mwenyewe."

Binti alitokea mlango wa nyuma, taulo mbichi zimemjaa mikononi. Alikuwa amesikia yote. "Mama," alisema, "mimi hakuna aliyeniuliza."

Wifi alimtazama mwanawe, akaketi kwenye kiti cha wateja, akalia kwa haya.

Kesho yake ilikuwa semina. Mchungaji, ambaye hakuwa amesafiri kwenda popote, alifungua kwa sala. Mzee Asali alikuwa kiti chake cha mbele, shati limenyooshwa, anatabasamu. Mshauri hakuweza kumtazama mdomo. Kila ulipofunguka alihisi ute.

"Leo nitawasimulia kisa," alisema. "Ninyi mniambie mtu huyu anafanya nini. Mtu analeta zawadi nyumbani kwa mama mwenye jambo zito."

"Anamfunga mkono!" wakaitikia.

"Anamwambia hakuna kama yeye."

"Kilemba cha ukoka!"

"Anamwambia asimweleze ndugu yake."

"Anamtenga!" Na sauti iliyosikika zaidi ya zote, tulivu, yenye uhakika, ilikuwa ya Mzee Asali. Alijibu yote, moja baada ya jingine, bila kupepesa. Mshauri alikuwa ametegemea mtu huyu angalau aone haya.

"Sasa ni nani huyo?" aliuliza mama mmoja. "Ni yule nabii wa mafuta?"

Binti alisimama kule nyuma. "Ni Mzee Asali. Alikuja kwa mama yangu ili nisimshtaki mwalimu wa kwaya, aliyenifungia kwenye chumba cha majoho akanishika kwa nguvu. Na kesho nilitakiwa nimpe mkono mbele yenu."

Mchungaji alianza kuchunguza viatu vyake kama aliyeviona kwa mara ya kwanza. Mzee Asali aliinuka taratibu, akafungua mikono.

"Binti yangu, umeumia, na mtu aliyeumia hulishwa maneno kirahisi," alisema kwa sauti ile ile. Kisha akamgeukia Mshauri, macho yamelowa. "Dada, sikatai. Wewe ulitufundisha njia, mimi nikazitumia kwa wema, kulinda nyumba ya Mungu. Kisu cha mwizi si ndicho kisu cha mpishi?"

Mama wawili watatu wakaitikia kwa kichwa. Mmoja hata akasema, "Kweli, aibu ya kanisa ni aibu yetu."

Hilo ndilo lililomchukiza Mshauri kuliko yote. Walikuwa wametoka kuzitaja mbinu zake kwa sauti, kama watoto wanaosoma herufi, na bado sauti ilipowapapasa waliinama.

"Mpishi hakati watu, Mzee," alisema.

Wifi yake hakungoja mabishano. Alimshika binti mkono, wakapita katikati ya viti. Mlangoni aligeuka: "Feni yako njoo uichukue. Ukichelewa utaikuta jalalani." Mshauri akaacha chaki pale pale, akawafuata. Walikwenda moja kwa moja polisi, na binti akaeleza mwenyewe, kutoka mwanzo mpaka mwisho.

Mwalimu wa kwaya alikamatwa wiki iliyofuata, na wasichana wengine wawili wakajitokeza kusema na wao waliitwa chumba kile. Kesi ilikwenda kwa kujikokota, kama kesi zinavyokwenda, lakini ilikwenda. Binti hakurudi kwaya. Alisema sauti ni yake, ataimba anapotaka.

Mzee Asali hakuguswa. Baraza la wazee lilikaa, likatoka na neno "hekima". Semina ikafungwa kimya kimya, na waliomtetea wakaendelea kumwitikia.

Mshauri alirudi kanisani Jumapili moja tu baada ya hapo, kwa kumsindikiza wifi yake. Wakati wa matangazo Mchungaji alisoma mwaliko wa kanisa jirani. Na wao walikuwa wamesumbuliwa na matapeli, wakaomba wapelekewe mtu wa kuwafundisha jinsi akili za watu zinavyochezewa. Baraza lilikuwa limekwisha kumteua mwalimu. Mzee Asali alisimama kwenye benchi la mbele, akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, na waumini wakampigia makofi.

Mshauri aliinuka, akawaomba radhi aliokuwa akiwakanyaga miguu, akatoka nje. Akatema mate kwenye maua ya Mchungaji. Hayakumtosha, akatema tena.