Ulilala Wapi?

Kishikwambi kilisema Bendera ni salama. Kilikuwa kijani kibichi, na chini yake maneno: hakuna dalili za mlipuko. Mimi Beatha, mhudumu wa afya wa kijiji kwa miaka kumi na tisa, nilikuwa nimetoka kumnywesha maji ya chumvi na sukari mgonjwa wa kumi na moja wa kuhara ndani ya siku nne. Nilisonya, kisha nikampigia Rodgers, kijana wa mradi aliyetuletea hiyo akili mnemba kutoka Same mjini.

"Shikamoo mama. Mfumo unaangalia wilaya nzima," alisema kwa upole wa kuniudhi. "Hao wagonjwa wametawanyika. Watatu Mtii, wawili Vunta, wengine Bombo. Huo si mlipuko."

"Mtii gani? Wote ninao hapa zahanati!"

"Ndivyo ulivyojaza wewe, mama."

Nikafungua fomu. Jina la kwanza lilikuwa la Irine, binti yangu wa kumzaa, anayelala chumba cha pili nyumbani kwangu. Mbele ya swali "Unatoka wapi?" nilikuwa nimeandika: Mtii.

Nilijisikia vibaya sana. Sisi watu wa milimani tumeshuka huku tambarare kulima mpunga. Tumejenga na kuzalia hapa hapa, lakini ukituuliza tunatoka wapi, tutakutajia Mtii, Vunta au Bombo, kule juu walikozikwa babu zetu. Mashine haikukosea. Ilidanganywa, na aliyeidanganya ni mimi.

Nikapita kitanda kwa kitanda na swali jingine: ulilala wapi wiki hii? Wote walilala Bendera, na wote walichota maji ya kunywa kwenye mfereji mmoja.

Mwenyekiti wa kijiji, Clemence, alikuna kichwa. "Nikiwakataza mfereji watakunywa nini? Boza la maji haliji bila wilaya, na wilaya siku hizi inasoma hiyo mashine yenu."

Basi nikaanza kubadilisha fomu moja moja, niandike Bendera. Rodgers akayaona kwenye mfumo wake, akapiga simu mbio.

"Mama, fomu iliyotumwa haiguswi! Watakuondoa kwenye mradi."

"Waniondoe. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi sitamfichia mtu. Binti yangu amelala hapa hana nguvu ya kushika kikombe, wewe unaniambia habari za kuondolewa? Wakiniondoa, njoo uwanyweshe wewe."

Nikakata simu. Nilipofika fomu ya saba, kishikwambi kikawa chekundu. Mungu anisamehe, nilifurahi.

Boza lilifika kesho yake asubuhi, na Rodgers akiwa amekaa kando ya dereva. Clemence aliziba pa kuchotea kwa miiba. Hakuna aliyeniondoa. Jioni Irine alishika kikombe mwenyewe, nikatoka nje kulia ili asinione.

Siku mbili baadaye Rodgers alinionyesha fomu mpya. Swali la kwanza lilikuwa langu. Tukaanza na Mzee Eliufoo, mmoja wa wale kumi na moja, ambaye bado alikuwa kitandani na chupa ya maji mkononi.

"Shikamoo mzee. Ulilala wapi wiki iliyopita?"

"Marahaba mwanangu." Akafikiri sana, kama mtu anayeombwa kuuza shamba. "Haya, andika Bendera. Ila nikifa, mnipeleke Mtii."

"Fomu hii haina nafasi ya kufa, mzee," nikamwambia. "Kunywa."