Maji ya Kusuuzia

Upendo alikuwa akimnywesha mwanawe. Mwana mwenyewe ni kipande cha mgomba kilichofungwa kitenge, mdomo wake tundu lililotobolewa kwa njiti. Mtoto yule wa miaka minne alimimina maji kidogo kwenye kifuniko, akapuliza kama mama anayepoza uji, kisha akataka kuonja yeye kwanza, asije akamuunguza mwanawe. Chupa aliyoishika ilikuwa ndogo, ya buluu, ya kupendeza, na ubavuni imechorwa fuvu la mtu.

Bibi yake, Paskalia, hakumbuki mwiko aliokuwa akipikia aliutupa wapi. Anakumbuka tu alivyokipiga kile kifuniko kikaruka hadi bandani kwa mbuzi, na alivyoifuta midomo ya mtoto kwa pindo la kanga mpaka mtoto akalia. Zahanati walimtazama, wakasema hajanywa. "Safari hii," alisema mganga, na hayo maneno mawili ndiyo Paskalia aliyorudi nayo nyumbani, yakimchoma kuliko jua la njiani.

Tangu siku ile akaanza kuziona. Miaka yote alikuwa akizipita kama mtu apitavyo mawe. Chupa za dawa ya wadudu zilikuwa kila mahali pale Kidundwe: kwenye matuta ya kabichi, chini ya migomba, mferejini, nyingine zimepewa kazi jikoni, zinatunza mafuta ya taa, zinatunza hata chumvi. Watu wa miteremko ile ya Uluguru hupulizia mboga zao wiki hadi wiki. Dawa ikiisha, chupa hubaki pale pale ilipoishia. Mvua ikinyesha, mlima unazikung'uta zote kuelekea bondeni, kama mwanamke anayekung'uta mkeka.

Paskalia alimaliza darasa la saba enzi ambazo kumaliza darasa la saba kulipigiwa vigelegele. Kijijini walimjua kwa mambo mawili: kuwasomea watu barua zao bila kuzitangaza, na vitendawili. Watoto walimwita Bibi Tega. Basi hata hili la chupa alilifanya kitendawili, akaanza kwa Mwanvita, rafiki yake wa tangu utotoni, aliyekaa chini bondeni, hatua chache kutoka kwenye kijito.

"Kitendawili!"

"Tega, mwenzangu."

"Nina mgeni. Kazi aliyoitiwa kaimaliza, kwao harudi, na kaburi halimtaki."

Mwanvita alifikiri, bata wake kumi na mmoja wakimzunguka miguuni kama wajukuu wanaosubiri kugawiwa maandazi. "Mume wa Yuliana," akasema. Walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Siye. Nipe mji."

"Nimekupa Msamvu. Panakutosha?"

"Nilikwenda Msamvu, nikapokewa kwa chai na vitumbua, wakaniuliza jibu, nikawaambia ni chupa ya dawa." Hapo kicheko kikamtoka usoni. "Lakini jibu lenyewe hasa sina, Mwanvita. Chupa hizi ziende wapi?"

"Mimi najuaje? Nimeishia la nne. Mwenye kusoma ni wewe."

Akaenda kutafuta jibu. Muuza dawa mmoja mjini alimwambia, "Chomeni moto tu, Mama." Wa duka la pili akashika kichwa: "Msichome! Moshi wake ni sumu. Zikeni." Jastin, mtoto wa dada yake, alimtumia kwenye simu picha za mtu anayeyeyusha chupa akitengeneza vigae, akieleza kwa lugha ambayo si Jastin wala yeye aliyeielewa. Kwenye ofisi moja iliyohusika na mambo hayo, kijana wa mapokezi alisema shikamoo bila kuinua uso. "Chupa? Nenda Kihonda, Bibi, kuna wanunuzi wa plastiki."

Akaenda Kihonda. Mnunuzi, Hashimu, mtu mpole aliyezungukwa na chupa za maji zilizorundikwa hadi usawa wa mapaa, aliichukua moja kati ya zile za Paskalia, akainusa, akamrudishia kwa vidole viwili. "Mama yangu, hii nikiichanganya na zangu, kiwandani wananirudishia gari zima. Jaribu Gairo. Nasikia kuna mradi."

Akaenda Gairo. Mradi aliukuta: ubao wenye maandishi ya kijani, na chini yake mwanamke anauza karanga kwa sababu ubao una kivuli kizuri. "Hao waliondoka zamani," alisema mwanamke. "Wanasema wako Dodoma."

Njiani kurudi, mfuko wa chupa mapajani, Paskalia aligundua jambo, akatabasamu kwa uchungu. Katika vitendawili, anayetoa mji ni yule aliyeshindwa. Ndiyo sheria ya mchezo: hujui, toa mji, upewe jibu. Yeye alikuwa amepewa Kihonda, amepewa Gairo, sasa amepewa Dodoma. Wote walikuwa wameshindwa, na hakuna hata mmoja aliyepungukiwa kitu kwa kusema hivyo. Walimpa miji kana kwamba wanampa jibu, naye akapanda gari.

Ndipo Athanas, bwana shamba wa kata, alipokuja na pikipiki yake, akiinua karatasi moja tangu mbali. "Bibi Tega, nimekupatia! Hii ni ya wataalamu. Nimetoa nakala mwenyewe." Paskalia aliipokea kwa mikono miwili. Ilikuwa na nembo, ilikuwa na namba za vifungu. Usiku ule aliiweka ndani ya kitabu chake cha sala.

Jumapili mchana akina mama wa kikundi cha mboga, wa kanisani na wa msikitini, wakakusanyika uwanjani. Mwanvita hakuwepo, alikuwa na bata mmoja anayelalia mayai. Paskalia alisimama, akavaa miwani, akasoma kwa sauti aliyofundishwa na masista, kila neno likikaa kwenye kiti chake.

"Chupa tupu ya dawa isuuzwe mara tatu kwa maji safi. Itobolewe chini, isije ikatumiwa tena. Maji ya kusuuzia..."

Karatasi ikaishia hapo. Aligeuza. Nyuma palikuwa peupe kama ukuta uliopigwa chokaa jana.

"Maji ya kusuuzia yanafanyaje?" aliuliza Yuliana.

Nyuso ishirini zilikuwa zikimtazama. Miaka arobaini alikuwa amesimama mbele za watu wale na maandishi mkononi, na hata siku moja maandishi hayakumwacha njiani. Angeweza kusema: karatasi imeishia hapa. Maneno matatu tu. Lakini alikuwa ametoka Gairo na aibu ya mfuko wa chupa mapajani, alikuwa amechoka kurudi mikono mitupu, na ulimi wake, uliozoea kufunga vitendawili, ukaifunga hata sentensi ile.

"Yawe safi," akasoma. "Maji ya kusuuzia yawe safi kabisa."

"Basi twende juu chemchemini," alisema Yuliana. "Huku chini maji yameshapita kwenye mashamba."

Wakapanda na magunia ya chupa walizokuwa wamekusanya mashambani. Ilikuwa siku nzuri, hilo ndilo lililomuuma baadaye. Waliimba. Walichekana nani anasuuza kama mvivu. Kila chupa mara tatu, bila udanganyifu, gunia baada ya gunia. Maji yakageuka meupe kama ya kuoshea mchele, yakateremka kati ya mawe na kupotelea kwenye magimbi. Walitoboa chupa kwa misumari ya moto, wakazifungia maguniani, wakayapanga nyuma ya ghala. Paskalia alilala usingizi wa mtu aliyelipa nadhiri.

Asubuhi ya pili Mwanvita alipanda mlima akiwa hana viatu. Bata wote kumi na mmoja, hata yule wa mayai aliyeshuka kunywa, walikuwa kijitoni, shingo zimelegea juu ya maji kama mashina ya maboga yaliyokauka. Kaa wa mtoni walikuwa wametoka wenyewe majini kwenda kufia nchi kavu. Jirani mmoja aliomba apewe bata wawili, akisema motoni kila ugonjwa unakufa, Mwanvita akamkatalia. "Mzoga hauliwi kwangu, wala siugawi." Akawazika wote nyuma ya nyumba. Huo ukaidi wake wa dini, Paskalia aliwaza, ndio uliowaokoa watu wawili watatu. Hata hivyo mke wa mwanawe Mwanvita alitapika siku mbili, na watu wa nyumba tatu za bondeni walishikwa na tumbo.

Athanas alikuja, akatazama shimo lililofukiwa, akasema ni kideri, ule ugonjwa unaofyeka kuku, akaandika kideri kwenye daftari lake. Kijiji kizima kikapumua. Kideri kinajulikana, kina jina, hakina mwenyewe.

Paskalia peke yake ndiye aliyebaki na sentensi. Ilimfuata shambani, ikamfuata kwenye komunyo. Maji ya kusuuzia. Maji ya kusuuzia. Wiki ya pili akashuka mjini, kwenye ofisi ile ile ya kwanza. Safari hii alimkuta binti aitwaye Irene, aliyesimama kumsalimia na kumvutia kiti. Paskalia akamwonyesha nakala yake.

"Ah, hivi vipeperushi! Vipo, Bibi." Irene alifungua kabati, akatoa bunda lililofungwa kamba, kamba yenyewe ina vumbi, haijawahi kufunguliwa. Akaikata, akachomoa kimoja, akakigeuza. "Vimechapwa pande mbili. Aliyekutolea nakala alisahau upande wa pili."

Paskalia alisoma akifuata kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

*...yamiminwe ndani ya bomba la kupulizia na kunyunyizwa shambani pamoja na dawa. Ni marufuku kuyamwaga mtoni, kisimani au kwenye chemchemi. Chupa zipelekwe kituo cha kukusanyia.*

"Kituo kiko wapi?" aliuliza, ingawa hakuwa tena na hamu ya kujua.

Irene akaangalia chini. "Bado hakijajengwa, Bibi. Lakini vipeperushi vipo tangu mwaka juzi. Tatizo watu hawaji kuuliza."

"Mimi nilikuja, mwanangu," Paskalia alisema polepole. "Kabati hilo lilikuwa pale pale lilipo. Nilipewa Kihonda."

Binti hakuelewa, ila alikikunja kile kipeperushi, akampa.

Paskalia aliteremkia bondeni moja kwa moja, hata kwake hakupita. Alimkuta Mwanvita akifunga wavu kwenye banda, vifaranga wawili wa bata wakilia ndani ya kikapu.

"Karibu, mwenzangu! Tazama, naanza upya. Athanas anakuja kesho kuwachanja, kideri kisinirudie. Kaa basi, mbona umesimama kama karani wa sensa?"

Paskalia hakukaa. Karatasi ilikuwa kwenye fundo la kanga, na fundo lilikuwa zito kama lina jiwe. Alijua kwamba akinyamaza, hakuna atakayemuuliza. Vifaranga watachanjwa, magunia yatasahaulika nyuma ya ghala, na yeye ataendelea kuwasomea watu barua zao. Mtu mmoja tu duniani angejua. Na huyo mtu angelazimika kuwa jirani wa Mwanvita mpaka mmoja wao azikwe.

"Kitendawili," akasema.

Mwanvita alicheka. "Na uchovu huo wote! Haya, tega."

"Walikuwa kumi na mmoja. Hawakuugua, hawakuibwa. Waliuawa na sentensi ambayo haikuandikwa popote."

Mwanvita alifungua mdomo kutoa jibu la mzaha, kama kawaida yake, na mzaha ukamfia ulimini. Alimtazama Paskalia. Akatazama kijito. Kisha macho yake yakapanda taratibu, yakifuata maji kinyumenyume, kati ya mawe na magimbi, hadi kule juu chemchemini.

"Sijui," akasema hatimaye.

"Basi nipe mji."

Kifaranga mmoja alikuwa ameruka kutoka kikapuni na kuanza kuteremkia majini. Mwanvita alimzuia kwa mguu bila kuondoa macho yake kwa mwenzake.

"Nimekupa hapa hapa, Paskalia. Mji mwingine sina."

Paskalia alifungua fundo la kanga, akaikunjua karatasi, akahakikisha ina pande zote mbili.

"Nilikwenda hapa hapa," akaanza.