Fisi Ndani ya Piano

Nchi ya Lingania ilikuwa na majimbo kumi na mawili, yaliyokaa kuuzunguka mlima mmoja kama watu waliozunguka sinia, na kama ilivyo kwenye masinia mengi, nyama ilikuwa imeelekea upande mmoja. Upande huo uliitwa Kilele. Huko kulikuwa na mabomba ya maji, taa za barabarani na ikulu yenye madirisha mengi kuliko watu wa kuchungulia. Upande wa pili, chini kabisa ambako mlima ulisahau kuwa ni mlima, kulikuwa na Chumvini, tambarare nyeupe ambayo wakazi wake walikwangua chumvi mchana kutwa, macho mekundu kwa mwako, mikono imepasuka kama udongo wa kiangazi. Kati ya pande hizo mbili yalipangana majimbo mengine kumi, kila moja likiwa na waziri wake ikuluni, na kila waziri akiwa na koti zito ambalo hali ya hewa ya nchi ile haikulihitaji.

Katikati ya Ukumbi wa Ulinganifu ilisimama Piano ya Taifa, nyeusi, ndefu kama jeneza la tembo. Nani aliileta, vitabu vya historia havikukubaliana, kwa kuwa kila kitabu kiliandikwa chini ya mtawala wake. Vilikubaliana jambo moja: kila jimbo lilikuwa na kibonye chake katika piano ile, wimbo wa jimbo ulianzia hapo na kuishia hapo, na mara moja kwa mwaka, Siku ya Mlingano, kwaya ya kila jimbo iliimba na piano mbele ya waamuzi. Jimbo lililolingana lilihesabiwa kuwa lipo.

Fundi wa piano hiyo alikuwa mwanamke mmoja, Salhina, mwenye umri wa miaka sitini na mmoja, bega lake la kulia limeshuka kwa kuvuta spana tangu ujana. Uchovu wake ulikuwa wa masikio. Alisikia kila kilicholegea: bawaba za milango, kengele za shule, salamu za mawaziri. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa na daftari la kazi, na ndani yake aliandika alichopima, si alichopenda.

Alijua kanuni ambayo ilikuwepo kabla ya Lingania na watawala wake. Kila kibonye kina mwenzi, cha saba juu yake, na viwili hivyo vikikazwa vizuri, sauti zao hutulia pamoja kama maji ya mtungi uliowekwa chini. Ukitoka Kilele ukaenda kwa mwenzi wake, na kutoka hapo kwa mwenzi wa mwenzi, ukayapitia majimbo yote kumi na mawili, ungetarajia kurudi pale pale ulipoanzia. Haiwi hivyo. Unajikuta umepitiliza kwa karibu robo ya hatua moja, kipande kidogo ambacho hakuna fundi aliyewahi kukifuta, kwa sababu hakikuwekwa na fundi. Kinaweza kugawanywa tu. Mafundi wa zamani walikigawa mara kumi na mbili, kila jimbo likabeba chake, na kila wimbo ukawa na ukakasi mdogo ambao watu waliuzoea wakadhani ndiyo ladha ya muziki. Ukikataa kukigawa, kipande chote hujikusanya mahali pamoja, na vibonye viwili vya mahali hapo vikipigwa kwa pamoja hutoa mlio unaopanda na kushuka, nusu kilio, nusu kicheko. Mafundi waliuita mlio huo fisi.

Miaka tisa iliyopita, Mtukufu Baragumu alipokuwa mpya madarakani, alimwita Salhina amweleze kwa nini wimbo wa Kilele una ukakasi. Salhina alimweleza.

"Yaani kuna kitu cha watu wengine ndani ya wimbo wangu?"

"Kuna sehemu moja ya kumi na mbili ya kitu cha wote, Mtukufu."

"Kitoe."

Mawaziri walipopata habari kwamba kitu hicho kikitolewa Kilele lazima kiende kwingine, kila mmoja alikuwa na udhuru. Waziri wa Malisho alisema jimbo lake hupokea wageni. Waziri wa Mito alisema kwake kuna makaburi ya mababu wa Mtukufu, makaburi ambayo Mtukufu mwenyewe hakuwahi kuyatembelea. Kila mmoja alitaka wimbo wake usafishwe kama ule wa Kilele. Mwishowe Waziri wa Sauti, Bwana Kikoromeo, mtu mwembamba mwenye sauti nene, akasema kwa upole, "Chumvini hakuna waziri," na kikao kikafungwa kwa chai.

Salhina alifanya kazi hiyo kwa siku nne. Majimbo kumi na moja yakawa safi kuliko yalivyopata kuwa tangu piano ile iingie nchini. Katika daftari aliandika: *Fisi yuko kati ya Chumvini na mwenzi wake. Mwenzi wa Chumvini ni Kilele.*

Tangu hapo kwaya ya Chumvini ilisimama ukumbini mara nane, na mara nane ikazomewa. Bwana Kikoromeo aliandika kitabu kuthibitisha kwamba wala-chumvi huota makoo yaliyopinda. Barabara ya Chumvini ikaachwa imezwe na mchanga, zahanati ikafungwa, kwa hoja kwamba wasiolingana hawawezi kuhudumiwa kwa ulinganifu. Kisha ikatoka sheria: jimbo likishindwa mara ya tisa litafutwa katika Wimbo wa Taifa, wakazi wake watahamishwa, na viwanja vya chumvi vitakuwa chini ya uangalizi wa Waziri wa Sauti. Kilichobaki kilikuwa cheti cha fundi.

"Ni saini tu," alisema Bwana Kikoromeo, akikitandaza cheti juu ya kifuniko cha piano. "Mstari mmoja. Hata mkono hautachoka."

Kiliandikwa hivi: *Piano haina kosa. Kosa ni la makoo ya Chumvini.*

"Piano ina fisi, Mheshimiwa. Nilimweka mimi."

"Nani mwingine anajua?"

"Yeyote mwenye masikio."

"Basi hakuna wa kuogopa. Una siku kumi. Usiposaini, tutampata fundi mwingine."

"Hakuna mwingine."

"Tutamteua," alisema waziri.

Siku ya nne Salhina alimkuta mwanamke ameketi kwenye ngazi ya karakana yake, viatu mkononi, nyuma yake wanakwaya sita waliojaa vumbi jeupe. Alikuwa Zamoyoni, mwalimu wa kwaya ya Chumvini.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umekuja kunilaani?"

"Ningetaka kukulaani ningekuja zamani, wakati barabara ilikuwepo. Nimekuja utupime."

Karakanani kulikuwa na piano ndogo, kuukuu, aliyoikaza sawa na ile ya Taifa ili ajaribie kazi. Salhina aliketi, akapiga kibonye cha Chumvini pamoja na mwenzi wake. Fisi akalia. Mmoja wa wanakwaya akacheka, si kwa dharau, bali kama mtu aliyemsikia jirani akikohoa. Kisha wakaanza kuimba.

Alitega sikio kutafuta mawimbi, ule mtikisiko unaosikika sauti mbili zinapokaribiana bila kukutana. Hakuyapata. Sauti zile sita zilikuwa zimekaa juu ya nyuzi kama ndege juu ya waya, sauti ya juu ikiwa chini kidogo ya pale ambapo sikio lolote la Lingania lingeitarajia, palepale hasa ambapo piano ilikuwa. Fisi hakunyamaza. Alikuwa amepata pa kukaa, na wimbo uliomzunguka ulikuwa na njia ambazo Salhina, katika miaka arobaini ya kazi, hakuwahi kuzisikia.

"Nani aliwafundisha?"

"Fisi mwenyewe," alisema Zamoyoni, akiielekezea piano kidevu. "Sisi wakubwa tulipigana naye miaka minane tukashindwa. Watoto hawakupigana, wao wamezaliwa wakamkuta katika mazoezi yetu. Ukiwaimbia ule wimbo wa zamani wanakwambia, mwalimu, umekosea. Mwaka huu tumewafuata wao."

"Wanasema kweli. Mmelingana."

"Basi tutaokoka?"

"Waamuzi wana masikio ya ikulu. Watasikia kitu kigeni, wataandika kosa."

"Hata tukilingana?"

"Hakuna karatasi inayosema kulingana ni nini," alisema Salhina kwa uchovu. Kisha akabaki ameshika spana, kama mtu aliyesikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mwingine.

Aliandika: *Chumvini. Mawimbi: sifuri.*

Siku tatu kabla ya sherehe aliitwa ikuluni. Kila mwaka Mtukufu Baragumu mwenyewe alifungua sherehe kwa kuimba Wimbo wa Taifa, kwa kibonye cha Kilele. Lakini sauti yake ilikuwa imezeeka kumzidi, na zile noti za juu sasa zilitoka kama mlango wa kabati. Tabibu alikuwa amemkataza kuimba zaidi ya sauti moja moja hadi siku yenyewe. Ilikuwa lazima kutafuta kibonye cha chini kitakachomfaa, kimyakimya. Salhina aligonga cha kwanza chini ya Kilele. Mtukufu akakohoa. Cha pili, cha tatu, cha nne. Cha saba Mtukufu akaguna, na mguno ule ulikuwa mzito na mzuri.

"Hapo!"

"Hapo ni Chumvini, Mtukufu."

"Kwani kimeandikwa?"

"Hakikuandikwa. Lakini ndipo anapokaa fisi. Kikipigwa peke yake hutamsikia. Wimbo ukianza, mwenzi wake ataitwa, naye atalia."

Mtukufu alimgeukia waziri wake. "Kikoromeo, kuna fisi ndani ya piano yangu?"

Bwana Kikoromeo alikuwa na kitabu kimoja kilichochapishwa, sheria moja iliyopitishwa na viwanja vya chumvi ambavyo tayari alikwisha kuvichorea ramani. Jasho lilimtoka chini ya koti.

"Hakuna, Mtukufu. Kuna makoo yaliyopinda."

"Na langu?"

"La Mtukufu ndilo rula."

"Umesikia, fundi."

"Nimesikia," alisema Salhina.

Nje, kwenye ujia, alimsimamisha waziri. "Kile cheti unacho, Mheshimiwa?"

"Akili zimerudi!"

"Maneno yake yamelegea. Mimi ni fundi, sisaini kilicholegea." Akachukua kalamu, akaandika upya juu ya goti, herufi zake zikiwa ndogo na zilizosimama wima: *Piano imekazwa sawasawa na amri ya Mtukufu, nayo ndiyo kipimo. Sauti ya yeyote itakayoachana nayo, kosa ni la koo, na jimbo la mwenye koo hilo litafutwa. Fundi atapima kwa kuhesabu mawimbi mwimbaji anapokoma, na hesabu yake ndiyo ya mwisho.*

Bwana Kikoromeo alisoma mara mbili. "Yeyote?"

"Ukiitaja Chumvini peke yake watasema uliwaonea. Ukisema yeyote, hakuna atakayeuliza."

Waziri alitabasamu. "Fundi, umechelewa kuwa mwanasheria."

Salhina alisaini. Hakukuwa na neno moja la uongo katika cheti kile, na jambo hilo halikumpa furaha yoyote.

Siku ya Mlingano jua lilikuwa utosini. Ukumbi ulijaa, mawaziri mbele ndani ya makoti yao, kwaya za majimbo zimepangwa ukutani, ya Chumvini mwisho kabisa, karibu na mlango ambao ingetolewa kupitia. Karani wa Wimbo, mwenye kitabu cha majimbo na kalamu ya kufutia, alisoma cheti kwa sauti kuu, kisha akakirudia mara ya pili kwa amri ya Bwana Kikoromeo, ili watu wa Chumvini wasije wakasema hawakusikia. Salhina alisimama ubavuni mwa piano.

Mtukufu Baragumu akafungua kinywa. Mstari wa kwanza ulitoka mzuri, wa chini, wenye kifua. Katika mstari wa pili wimbo ulipanda kwenda kwa mwenzi, kwa jina lenyewe la Kilele, na koo lake lililolelewa miaka tisa kwa usafi lilipaendea mahali safi, juu kidogo ya pale ambapo piano ilikuwa. Aliimba Kilele juu kuliko Kilele ilivyo. Fisi akalia ukumbi mzima, akapanda, akashuka, akacheka.

Mpiga piano wa ikulu aliondoa mkono kana kwamba ameungua. Mtukufu akamkazia jicho, naye akaurudisha. Noti ile ndefu ilitakiwa kushikiliwa, hakuna aliyethubutu kuikatiza, na Mtukufu hakuthubutu kukoma. Karani alikuwa ameganda na kitabu, akitazama neno *yeyote*. Bwana Kikoromeo alimtazama Salhina. Salhina alitazama nyuzi.

Ndipo kutoka mlangoni, bila kuitwa, kwaya ya Chumvini ikaingia katika wimbo. Hawakuimba kwa nguvu. Walikaa tu pale ambapo piano ilikuwa, wamenyooka, wakiishikilia noti kama watu walioshika kamba. Hadi leo hakuna anayejua kama walikusudia kumwokoa au kumuumbua, na mwalimu Zamoyoni, alipoulizwa baadaye, alijibu kwamba ilikuwa zamu ya wimbo.

Mtukufu aliwasikia. Shingo yake ilianza kutafuta. Taratibu, jasho likimdondoka kwenye medali, mtawala wa Kilele akaanza kuishusha sauti yake kuelekea kwa wakwangua chumvi.

Salhina aliinamisha kichwa na kuhesabu, kwa maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Mawimbi manne kwa sekunde. Matatu. Karani akachovya kalamu, akafungua ukurasa, na kutoka aliposimama Salhina hakuweza kuona ni ukurasa wa jimbo gani. Mawili. Pumzi ya Mtukufu ilikuwa inaisha. Salhina hakujua, na katika daftari hakuwahi kuandika, kama alitaka yafike sifuri.