Sehemu ya Mia Moja na Tatu

Bi Orsa alikufa dakika ya kumi na tisa. Flaviana alisimamisha picha, akavua hedifoni, akabaki anautazama mkono wa yule mzee ulioning'inia pembeni ya kitanda cha chuma, funguo za matangi ya maji bado zimefungwa kwenye kifundo. Akarudisha nyuma dakika mbili, akatazama upya, akiwa na tumaini la kipuuzi kwamba safari hii daktari wa chombo angefanya jambo jingine. Daktari hakufanya jambo jingine.

"Haya," akasema peke yake, na ndipo alipojua jinsi alivyochoka.

Nje mnada ulikuwa umeanza kuchangamka. Mbuzi walikuwa wanalia, spika za wauza mitumba zinagombana, magari ya watalii yanapunguza mwendo kwenye matuta kabla ya kuupanda mlima kwenda Ngorongoro. Vumbi jekundu lilikuwa limekwisha kuingia kwenye kibodi, ingawa aliifuta asubuhi ile ile. Mchana Sakaya, kijana wa Kimaasai, angeteremka kutoka juu hifadhini na kadi yake ya simu, angemwamkia, angeuliza swali moja, na jibu la swali hilo lilikuwa limening'inia hapo kwenye kioo.

Kazi ya Flaviana ilikuwa kuwawekea watu muvi na nyimbo. Walimletea flashi na kadi, akawajazia kwaya, muvi za ngumi na tamthilia. Vibanda vya namna hiyo vilikuwa vinakufa kimoja kimoja hapo Karatu, maana kila mwenye simu kubwa alijishushia mwenyewe. Chake kilikuwa bado kinapumua kwa sababu ya sauti yake. Miaka minne nyuma alianza kuitazama tamthilia moja ndefu ya watu wanaoishi ndani ya chombo kikubwa angani, wanazunguka kutafuta sayari yenye maji, na kila wakiikaribia wanakuta ina mwenyewe. Jina lake la Kiingereza lilikuwa refu na hakuna aliyelihitaji. Wateja waliiita Wahamaji. Watu wa juu, Wamaasai wa hifadhini, ambao neno kuhama lilikuwa limewachosha masikio, ndio walioipenda kuliko wote.

Tatizo lilikuwa Kiingereza chake, cha haraka, cha mitambo na nyota. Flaviana alikuwa amekaa mapokezi ya hoteli ya wageni miaka kumi na moja kabla hawajampunguza, kwa hiyo alikisikia. Akawa anatazama sehemu moja, kisha palepale anarekodi uhakiki wake kwa Kiswahili. Rekodi zote zilianza vilevile: "Mimi Flaviana wa kibanda cha buluu. Hii ni sehemu fulani. Nimeitazama yote." Halafu alieleza kilichotokea, akamsema aliyefanya upumbavu, akawasuta watunzi walipodanganya, kwa mfano pale mtoto alipopona homa kali kwa siku moja, jambo ambalo alisema haliwezekani hata angani. Mwisho alitoa hukumu kwa neno moja: itazame, au iache.

Alikuwa na sheria mbili. Hakutazama mbele, na hakusema asichokiona. Watu walimwamini kwa hilo la "nimeitazama yote", hata wale waliomwona mjane mwenye maneno mengi. Lakini sasa walikuwa kwenye sizoni ya saba. Macho yalikuwa yanamtoka machozi kwa mwanga wa kioo, mgongo ulikuwa unauma, na watunzi wenyewe walionekana wamechoka, wanarudia vita ileile mara ya tatu kwa mavazi mapya. Mara nyingi alitamani chombo kile kitue popote, hata mahali pabaya, apate kupumzika.

Sakaya hakuchukua picha. Kule kwao, upande wa Nainokanoka, simu ilichajiwa kwa sola ndogo, na picha zinakula chaji. Alichukua sauti peke yake, kwa ajili ya mama yake, Naishorua, ambaye macho yalikuwa yamefifia. Bibi huyo alikuwa ameuza maziwa Karatu miaka mingi na Kiswahili chake kilikuwa kizuri, chenye kuamrisha. Katika watu wote wa chombo kile alimchagua Bi Orsa, mgawa maji, kwa sababu, alisema, huyo ndiye pekee mle ndani mwenye kazi inayoeleweka.

Mnada uliopita Sakaya alikuwa amesimama dirishani muda mrefu, akasema habari za mvua na za ng'ombe, ndipo akafika kwenye habari yenyewe. Mguu wa mama ulikuwa umeharibika. Ni sukari, kidonda cha kidoleni kimepanda, na madaktari wamesema ukatwe chini ya goti upesi, la sivyo utamchukua mwenyewe. Mama alikuwa amekataa. Alikataa kwa mchungaji, alikataa kwa kaka zake. Halafu akasikia sehemu ya mia moja na mbili, ambamo mlango wa tangi unampondaponda Bi Orsa mguu, mguu unaoza, na mwishoni wanamsukuma kuelekea chumba cha upasuaji.

"Amesema atasikia kwanza yule ametokaje," alisema Sakaya, akiangalia chini. "Ndipo ajibu."

Na yule alikuwa ametoka hivi, mkono ukining'inia.

Flaviana alichukua simu ya kurekodia. Akaijaribu kauli yake ya siku zote, ikamkwama kwenye "nimeitazama yote", kwa sababu hiyo ilikuwa kweli na yote yaliyofuata yasingekuwa kweli. Akafuta. Akaenda mlangoni, akamtazama mzee mmoja akibishana juu ya beberu, akarudi. Aliogopa. Alimwogopa bibi ambaye hajapata kumwona, anayekaa kwenye ngozi mahali penye baridi, anaoza mguu huku akisubiri neno lake. Mwisho akabonyeza na kusema bila kupumua, akaanza na daktari anavyonawa, na Bi Orsa anavyowakabidhi vijana ratiba ya maji, na Bi Orsa anavyomwambia daktari asitetemeke mikono, kisha mlango wa chumba cha upasuaji unavyofungwa. Mpaka pale mlangoni alisema kweli tupu. Kisha akaongeza lake.

"Wakamkata, na mama yule akaamka," alisema. "Ameamka ana kiu. Wamempa maji, mzee wa watu akacheka, akasema leo na mimi nimegawiwa. Wanamchongea mguu wa chuma. Daktari amesema atatembea. Itazame."

Rekodi ilikuwa ya dakika kumi na moja. Hakuisikiliza. Wateja wengine aliwaambia diski imegoma.

Sakaya alifika saa saba, shuka limejaa vumbi la lori. Alitoa shikamoo, akapokea marahaba, akauliza kwa sauti ndogo kama Bi Orsa ametoka. Flaviana alimwambia akasikilize pamoja na mama, na kwamba sehemu hiyo ni nzuri. Aliona jinsi mabega ya kijana huyo yalivyoshuka kwa ahueni, akajisikia mwizi.

Baada ya hapo hakufungua sehemu ya mia moja na nne. Kila alipokishika kipanya cha kompyuta alikumbuka kwamba itambidi amwendeshe mfu, sehemu hadi sehemu, na mguu wake wa chuma, mpaka sizoni ya kumi na moja. Akaweka kwaya, akafuta vumbi, akalala mapema. Mwanaye Patrisi alipiga simu kutoka Arusha akauliza mbona sauti yake imekauka, akajibu ni upepo.

Mnada uliofuata Sakaya alikuja asubuhi kabla hata hajamaliza kupanga spika. Safari hii hakuanza na mvua.

"Mama Patrisi," alisema, "mama amesema yule bibi alikufa."

Flaviana aliweka spika chini. Akamuuliza ni nani kamwambia.

"Wewe. Alisikiliza mara mbili. Akasema, mpaka mlangoni anaitwa Orsa, Orsa, Orsa. Baada ya mlango haitwi tena. Ni mama yule, mzee wa watu. Akaniambia, huyu mwanamke ameolewa kwetu, hamtaji marehemu."

Ilikuwa kweli ameolewa kwao. Yeye alikuwa Mwiraqw wa hapohapo Karatu, lakini mumewe alikuwa mtu wa Endulen, askari wa wanyamapori, na wiki ya mazishi wazee wa ukweni walimwambia taratibu kwamba jina la aliyekufa halisemwi. Wakati ule aliona ni desturi ngumu, kwamba wanamnyang'anya mtu mara ya pili. Ikapita miaka tisa. Mumewe akawa "mwenye nyumba", hata kwa Patrisi, hata kwenye sala. Sasa, Sakaya akiwa amesimama pale, alifungua rekodi zake za zamani na kuzisikiliza kwa kurukaruka: rubani aliyelipuka sizoni ya pili, akawa "kijana yule". Mapacha wa sizoni ya nne, wakawa "wale wawili". Kila aliyekufa chomboni alikuwa amemnyamazia jina, miaka minne, na hakujisikia hata mara moja.

Alitaka kuomba radhi. Akauliza kwanza kama mama amekasirika.

"Alinyamaza siku mbili. Ya tatu akasema mtafute gari. Yuko hospitali sasa. Kesho ndiyo wanakata." Sakaya akaweka kadi kwenye meza. "Amekutumia hiyo. Alinifundisha pa kubonyeza, mimi mwenye simu."

Ndani mlikuwa na mafaili mawili, namba moja na namba mbili. Flaviana alibonyeza la kwanza. Kikohozi kikavu, halafu sauti nzito ambayo hakuwahi kuisikia na ambayo aliijua.

"Mimi Naishorua wa Nainokanoka. Hii ni sehemu ya kwanza. Nimeitazama yote." Akaeleza safari, dereva aliyeendesha ovyo, mashimo, ukungu wa kwenye ukingo wa kreta, na wageni waliotaka kumpiga picha akawageuzia mgongo. Akaeleza wodi. Uji wao alisema ni maji yaliyotishwa na unga kwa mbali. Muuguzi mmoja, Hyasinta, alimsifu kwa mikono yake ya moto. Hukumu yake ilikuwa iache, kwa ajili ya ule uji.

La pili lilikuwa fupi.

"Mwanangu, Orsa wako amekufa. Mimi namtaja, maana yeye si wa kwetu. Nilikuwa namuuliza mtu wa kwenye picha habari za mguu wangu, upuuzi wa uzee. Lakini nilikusikia ulivyohangaika. Umechoka wewe. Sauti imechoka mpaka chini, na bado ukahangaika kwa ajili ya mguu usioujua. Nikasema basi, twende. Sehemu ya tatu ni kesho. Naiogopa." Mlio wa kitanda, halafu, mbali kidogo na simu: "Zima hapo."

Sakaya alikuwa ameugeukia mnada, anajifanya anaangalia ng'ombe. Flaviana alilia bila kujificha, akapangusa uso kwa kitambaa cha kufutia vioo, na vumbi likambaki shavuni.

Namba ya Sakaya alikuwa nayo. Siku zilizofuata aliitafuta kwenye simu kila asubuhi, akaitazama, akairudisha simu mfukoni. Aliogopa kusikia habari ikianza na mvua. Siku ya nne alikaa, akafungua sehemu ya mia moja na tatu, akaitazama tena yote mpaka mwisho, mazishi na kila kitu, walivyoufungua mlango mdogo wa chombo na kumwachia Bi Orsa gizani pamoja na kikombe kimoja cha maji. Akarekodi kwa ajili ya wateja. Alisema Orsa amekufa. Alisema Orsa amezikwa. Jina lilimkwaruza kooni kila mara, na kila mara alilirudia. Mwisho hakusema itazame wala iache, akazima tu. Halafu, kibanda kikiwa kitupu, akajaribu kulisema na lile jina jingine, la mwenye nyumba. Alifika kwenye silabi ya kwanza, akaona inatosha kwa siku hiyo.

Mnada ukaja. Ilipita saa nne, saa tano, saa saba, malori ya juu yakashusha watu na kondoo, na Sakaya hakuonekana. Flaviana aliifuta kibodi mara tatu. Alijazia watu ngumi na kwaya bila kuwaangalia usoni. Saa tisa shuka jekundu likasimama dirishani.

Sakaya alitoa shikamoo. Alisema mvua imenyesha kidogo. Alisema nyasi zimeota upande wa kusini lakini ndama wanakohoa. Uso wake ulikuwa na usingizi wa siku nyingi na haukusema kitu, na Flaviana hakuwa na nguvu ya kumkatiza. Alinyoosha mkono tu. Sakaya akaitafuta kadi kwenye pindo la shuka, akalifungua fundo kwa meno, akampa.

Kompyuta yake ilikuwa nzito siku hizo. Kadi ilichukua muda kusomwa. Likatokea faili namba moja. Likatokea namba mbili. Kile kialama cha kusubiri kikazunguka, kikazunguka, kisha chini yake likatokea namba tatu.

Flaviana alibonyeza. Kwanza kelele za wodi, sahani, mtu anaita nesi. Halafu kikohozi kikavu.

"Mimi Naishorua wa Nainokanoka," ilisema sauti, dhaifu, inayovuta maneno. "Hii ni sehemu ya tatu. Sijaitazama yote. Walinilaza usingizi."