Matano Hasifiwi

Habari hii nilipewa na Laurensia, wifi yake Paskalia, mwaka wa themanini na tatu, tukiwa kwenye foleni ya sabuni duka la ushirika pale Mkuza. Foleni ilianza asubuhi. Laurensia alianza kusimulia jua limeshapanda, na alipomaliza tukaambiwa sabuni imekwisha. Sabuni sikupata, lakini habari niliondoka nayo, na tangu siku hiyo sijaipunguza wala sijaiongeza.

Paskalia alikuwa na kilabu cha tembo la mnazi Kongowe, hii Kongowe yetu ya Kibaha, si ile ya Mbagala. Baba yake alitoka Unyamwezi kuja manamba kwenye mkonge, akafia kwenye mkonge, binti akabaki, akaolewa na Raphaeli, kaka yake Laurensia. Raphaeli naye alipofariki, mawifi wawili wakaendesha kilabu pamoja.

Kila siku ya kufuata mzigo, Paskalia alitoa madumu yake uani asubuhi na mapema. Yalikuwa madumu ya plastiki, sita, yaliyowahi kuwa ya mafuta ya kula. Alitia mchanga na maji kidogo, akatikisa mpaka mabega yakauma, akasuuza kwa maji ya ndimu, akayapindua juu ya kichanja yachuruzike. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa hakulichukua hata likioshwa mwaka mzima. Alisema plastiki haisahau. Vizibo alivisokota kwa majani makavu ya mgomba, akaviacha vilegee, maana tembo linapumua, na ukilibana njiani linakupasulia dumu. Madumu yakishakauka, yeye na Laurensia wakapanda lori la mkaa la Alfonce, lililokwenda tupu na kurudi limejaa, mpaka Masaki ya Kisarawe, kwa mgema wa Paskalia.

Mgema huyo aliitwa Matano. Alikuwa Mzaramo, Mwislamu wa kuswali, na tembo lake mwenyewe hakuwahi kulionja. Minazi yake ilikuwa mahameni, kule walikokaa zamani kabla ya watu kuhamishwa na kupangwa kando ya barabara kuwa kijiji. Watu walipandishwa lori na vitanda vyao na kuku wao. Minazi haipandi lori, ikabaki. Visima navyo vikabaki. Basi Matano alikuwa akienda mahameni alfajiri na jioni, akapanda, akakata kwa kisu chake karara linalotoa tembo, akateremsha vibuyu, akarudi navyo mabegani.

Tembo lake lilikuwa na sharti moja tu. Matano asisifiwe.

Watu wa pwani wana neno lao la zamani juu ya mgema na sifa. Kwa Matano halikuwa neno, ilikuwa ndiyo tabia ya tembo lake. Mtu akimsifu kwa dhati, tembo lake lote, popote lilipo, linakuwa maji. Mara ya kwanza ilitokea pale bwana ushirika mmoja alipokuja kukagua kijiji. Alipewa kikombe kwa heshima, akanywa, akafuta mdomo, akasema mbele ya mkutano kwamba hajapata kuona mgema kama huyu. Alisema kwa moyo wake wote kwa sababu alikuwa na kiu. Kikombe cha pili kilikuwa maji. Huko Kongowe nako, kwenye kilabu cha Paskalia, wanaume waliokuwa kwenye mabenchi walirudiwa na akili katikati ya wimbo. Wakatazamana, wakachukua majembe, wakaenda shamba. Paskalia alilaumiwa wiki nzima. Hakuna aliyeuliza imekuwaje. Waliuliza nani kamsifu.

Sifa za uongo hazikufanya kitu. Mwalimu Isihaka wa shule alijaribu, bustani ya wanafunzi ilipokauka. Alisimama mbele ya kibuyu akamwita Matano shujaa wa taifa na nguzo ya uchumi. Tembo likatoa povu, likazidi kuwa kali, basi. Alitaka maji, hakumtaka Matano, na tembo lilijua.

Kwa hiyo Paskalia alikuwa akimtukana. Haki hiyo alikuwa nayo, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Tembo likimiminwa, yeye aliinamia mdomo wa dumu na kusema maneno yake, na dumu likijaa aliliziba haraka, maneno yabaki humo.

"Mzaramo, hili nalo tembo? Linanuka soksi ya polisi."

"Na umelifuata na madumu sita," Matano akajibu, bila kuacha kumimina. "Babu yako alibeba meno ya tembo mpaka pwani, Mnyamwezi. Wewe umepata tembo lenyewe, unalalamika."

Ndivyo walivyofanya biashara miaka yote, na tembo la Paskalia lilifika Kongowe likiwa tembo.

Sasa nieleze habari ya bomba, maana bila hilo hutaelewa. Kijiji kilipopangwa kando ya barabara, kiliahidiwa maji. Likaja bomba, likasimikwa katikati ya kijiji kwenye saruji, na siku ya ufunguzi kulikuwa na ngoma na pilau. Mgeni rasmi alifungua koki, maji yakatoka, wanawake wakapiga vigelegele. Nyuma ya shule palikuwa na gari la maji lililounganishwa na mpira. Wageni walipoondoka, gari nalo likaondoka, na tangu hapo koki ile haikutoa hata tone. Mwanamkuu, mke wa Matano, alikuwa ameweka ndoo yake chini ya koki siku ile ili awe wa kwanza kesho yake. Hakuiondoa. Alisema akiiondoa atakuwa amekata tamaa, na yeye bado.

Maji waliyafuata mahameni. Mwanamke akiondoka alfajiri alirudi adhuhuri. Mtoto wa kwanza wa Mwanamkuu alizaliwa katika njia hiyo, mama akiwa na mtungi kichwani, na hakukaa. Walimzika hukohuko mahameni, maana palikuwa karibu zaidi.

Siku ninayoisema mimi ilikuwa kiangazi cha mwaka wa kipindupindu. Mwanamkuu alikuwa na mimba ya pili, na Matano alikuwa amemkataza njia. Majirani walikwenda kumtekea. Paskalia na Laurensia walifika na lori, wakakuta vibuyu vimejaa, wakaanza kumimina na kutukanana kama kawaida. Walipofika dumu la mwisho, uchungu ulikuwa umeshamkamata Mwanamkuu ndani.

Mkunga alikuwa Bi Mboni, mtu mzima, aliyepelekwa semina ya kipindupindu akarudi na kipande cha sabuni na amri moja: usimguse mzazi kabla ya kunawa. Alitoka mlangoni akiwa ameinua mikono yake mikavu.

"Matano, maji yako wapi?"

Matano akaingia jikoni, akainamisha mtungi. Ulitoa kiasi cha kulowesha kidole. Majirani hawajarudi. Akakimbia nyumba ya pili na ya tatu, akarudi na kata moja yenye tope chini. Bi Mboni akaitazama, akaimwaga.

Laurensia aliuliza kama tembo halifai kwa kunawa. Bi Mboni alimjibu kwa upole kwamba mtoto wa Kiislamu hatapokewa duniani kwa pombe, na mama yake hatanyweshwa pombe, na yeye Mboni hatakwenda kuulizwa hilo kaburini. Kisha akageukia yale madumu sita yaliyopangwa kivulini, na kila mtu akajua anafikiri nini.

Alijaribu yeye kwanza. Alisema, "Matano mwanangu, wewe ni mwanamume wa maana." Povu likapanda, likafurika kwenye kizibo. Bi Mboni hakushangaa, alikuwa anamwona Matano mpumbavu tangu utoto wake. Mwanamkuu mwenyewe hakuweza kusaidia. Alikuwa kitandani anamwita mumewe majina ambayo kwa siku nyingine yangelifanya tembo likae hata mwezi.

Matano akakaa chini, mgongo ukutani. Laurensia aliniambia kwamba mikono yake ilikuwa imejikunja kama imeshika jembe, na alijua jembe lile ni la kaburi la mtoto wa kwanza.

Paskalia alibaki amesimama kati ya mlango na madumu. Mle ndani ya madumu mlikuwa na kilabu kizima. Jumamosi ilikuwa kesho, na mtu akikuta kilabu hakina tembo Jumamosi, huenda kwa jirani na Jumamosi nyingine harudi. Tena palikuwa na jambo zito kuliko hilo. Mtani hashukuriwi. Ukimshukuru mtani umeuvunja utani, na sifa ni shukrani iliyovaa kanzu. Akiusema ukweli leo, kesho atamtukanaje?

Ndani, Mwanamkuu akaita maji, kwa sauti ndogo.

Paskalia akang'oa vizibo, kimoja kimoja, akaviweka mfukoni mwa gauni. Akamsogelea Matano, akachuchumaa mbele yake.

"Nisikilize, na usinijibu," alisema. "Siku tuliyomzika Raphaeli, ulitoka hapa kwa miguu ukafika Kongowe na vumbi mpaka kwenye nyusi. Ukaingia kaburini, ukalala, ukasema hutoki mpaka Wanyamwezi walipe ushuru wa shimo. Watu wote walicheka. Mimi nilikuwa nimeapa sitacheka tena, nikacheka. Ukakaa siku tatu unanipasulia kuni, na mimi nikakuita mwizi wa kuni. Ningekuwa sina wewe siku zile, ningemfuata Raphaeli. Wewe ni mtu mwema, Matano. Na tembo lako ni tamu. Lilikuwa tamu siku zote."

Povu lilishuka kwenye madumu yote sita kwa pamoja, kama maziwa yakiepuliwa. Laurensia akachungulia. Akaona chini ya dumu, palipokwaruzwa na mchanga.

"Ni maji," alisema.

Bi Mboni akanawa mpaka kwenye viwiko, akaingia. Mwanamkuu akanywa kata mbili. Mtoto akazaliwa kabla ya laasiri, wa kike, akalia mara moja na kwa hasira, akaoshwa kwa maji yaliyokuwa na baridi ya mtungi na harufu kidogo sana ya ndimu. Matano alipoitwa amwone, alisimama mlangoni muda mrefu. Mikono yake ilikuwa imefunguka. Mwanamkuu akamwambia asogee, mtoto haumi.

Majirani waliporudi na mitungi yao ya tope walikuta nyumba nzima imenawa uso. Wakapewa kata, wakanywa, wakauliza nani kamsifu, wakaambiwa, wakasema alhamdulillahi. Kwingine kote ambako tembo la Matano lilikuwa limefika, wanaume walirudi nyumbani mapema na miguu imenyooka, na wake zao hawakulalamika.

Jioni akaja mwenyekiti wa kijiji, Bwana Adamu. Naye alikuwa na furaha ya kweli, tusimsingizie. Alichota, akaonja, akayatazama madumu na kutikisa kichwa kwa kuridhika.

"Dada Paskalia, umetutua mzigo," alisema. "Wilayani wananiuliza kila mwezi kama kijiji kina maji. Sasa nitawajibu kwamba yapo."

Akajibu hivyo, na wilayani wakafurahi pia. Mafundi waliokuwa waje kuchimbua bomba wakapelekwa kijiji kingine. Mpaka Laurensia ananisimulia pale kwenye foleni, koki ile haijatoa tone, na wanawake wa Masaki bado wanatoka alfajiri kwenda mahameni. Shida ikiwa kubwa hutafutwa mtu wa kumsifu Matano kweli, na watu wa namna hiyo si wengi, kwa sababu kila mtu anaweza kumsifu mara moja tu kwa jambo moja.

Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile lori la Alfonce lilikuwa limekwisha kuondoka na mkaa wake, kwa hiyo mawifi wakalala Masaki. Walikula ugali wa muhogo na kisamvu. Dumu moja lilibaki na maji, na Paskalia akasema hilo halirudi Kongowe, libaki kwa mzazi. Akatoa kizibo kimoja mfukoni, akaliziba, safari hii kwa kukaza.

Baada ya isha, mtoto alilala wa kwanza. Mwanamkuu akafuata, mdomo umelowa. Bi Mboni alilala akiwa amekaa. Laurensia alijilaza kwenye mkeka, akasikia mazungumzo yaliyopita ukutani kabla usingizi haujamchukua, na ndiyo maana ninayajua.

"Mnyamwezi," Matano aliita kutoka chumba cha pili. "Kesho minazi itatoa nini?"

"Sijui."

"Na mimi sijui."

Paskalia akaanza taratibu, kama mtu anayejaribu mguu uliowahi kuvunjika.

"Mtoto kachukua pua yako," alisema. "Maskini ya Mungu. Nani atamwoa?"

Matano akacheka peke yake gizani, cheko refu, mpaka likageuka kukoroma. Paskalia akasikiliza. Nje, chini ya koki, ndoo ya Mwanamkuu ilikuwa palepale, kavu, mdomo wazi. Paskalia akavuta khanga mpaka begani, akaweka mkono juu ya dumu lililojaa, akalala.